Beki Asiye na Jana

Lavelle Fuselier alikuja kuposa Ijumaa Kuu, mkononi kashika mfuko wa soseji.

Kwa mtu wa Opelousas, mji wa Wakatoliki, hilo si kosa dogo. Ijumaa Kuu nyama haipiti kooni. Watu wanachemsha kamba wa matope uani, wanawamwaga juu ya meza iliyotandikwa magazeti, wanawabandua kwa vidole na kunyonya vichwa mpaka midomo iwake. Hata mbwa wa mtaa ule anajua kwamba siku hiyo hakuna mfupa. Lakini Lavelle, aliyebatizwa kanisa lilelile alilobatizwa Jonelle, binti aliyekuja kumposa, alikuwa amecheza mpira wa kulipwa miaka kumi na moja katika miji ya mbali, na mpira ulikuwa umemfutia hadi kalenda. Alishuka garini, shati limepigwa pasi, tabasamu limepigwa pasi zaidi, akainua ule mfuko juu kama anaonyesha kombe.

"Za moto, Shangazi. Zimetoka jikoni sasa hivi."

Shangazi Ozite, dada wa baba yake Jonelle, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mnene, aliuangalia mfuko, kisha akamwangalia aliyeubeba.

"Leo siku gani, Lavelle?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

Tabasamu likayumba. Lavelle akaugeukia uani, akaona sufuria kubwa juu ya jiko la gesi, akaona magazeti mezani, akafumba macho.

"Shangazi, nisamehe."

"Mimi nani nikusamehe? Mwenye siku yake yuko msalabani. Rudisha garini, tena funga madirisha, harufu isinitie majaribuni."

Jonelle alikuwa kwenye beseni la kuoshea kamba, matope mpaka viwikoni, akajikuta anacheka kabla hajakumbuka kwamba leo hakupanga kucheka. Ndivyo alivyokuwa Lavelle. Alikuchekesha kwanza, halafu ndipo ukakumbuka kwamba ulikuwa na kesi naye.

Na kesi ilikuwepo. Wiki mbili nyuma Lavelle alikuwa amemwambia kwamba amepata kazi ya kufundisha mabeki wa timu moja huko kaskazini, kwenye theluji, na kwamba hataki kwenda peke yake. Alitaka aondoke Jumatatu ya Pasaka akiwa na jibu. Jonelle akamwambia njoo umwone Baba. Jambo ambalo hakumwambia, wala hakumwambia mtu yeyote, ni hili: kama Lavelle, kabla kamba hawajaisha mezani, atamtaja marehemu mama yake Jonelle kwa hiari yake, bila kusukumwa, bila kukonyezwa, basi jibu ni ndiyo, theluji na yote. Asipomtaja, jibu ni hapana, na safari hii hapana ya kweli.

Ukimwuliza mtu yeyote mtaani Lavelle alikuwa nani, atakwambia alikuwa beki wa pembeni, tena beki haswa. Katika mpira wao ule wenye umbo la yai, beki wa pembeni ndiye mtu mwenye kazi mbaya kuliko wote. Anakimbia bega kwa bega na jamaa mwenye mbio za swala, bila kujua jamaa anaelekea wapi, na akipitwa mara moja tu, nchi nzima inaangalia mgongo wake kwenye televisheni. Kwa hiyo mabeki wa pembeni hufundishwa jambo moja tangu wakiwa shuleni: sahau. Umefungwa? Sahau. Tembea urudi kwenye mstari, na ukifika kwenye mstari liwe limeshatoka kichwani. Beki anayelikumbuka goli lililopita atafungwa na lijalo. Wengi hujifunza hilo nusunusu. Lavelle alilijifunza mpaka likawa damu, na likamlisha miaka kumi na moja.

Tatizo ni kwamba alirudi nalo nyumbani.

Mlikosana naye usiku, asubuhi amekuamsha na kahawa, anapiga mluzi. Hakuwa anajifanya. Ugomvi ulikuwa umeshatoka. Jonelle, mwalimu wa hesabu, mtu anayetaka kuona jibu limepatikanaje, alikuwa anabaki na nusu yake ya ugomvi mikononi kama mtu aliyeachiwa ncha moja ya shuka.

Sasa Lavelle alikuja akachuchumaa kando ya beseni. Magoti yakalia, kwanza moja, halafu la pili.

"Umesikia hiyo?" alisema. "Muziki wa kustaafu."

"Nimesikia. Utainuka peke yako au niite watu?"

"Ukiniinua wewe sikatai." Alimwangalia kwa macho yale yaliyowahi kumfanya Jonelle apite taa nyekundu mara mbili siku moja. "Umependeza na matope."

"Acha maneno, shika kamba. Mfu mtupe, mzima mrudishe."

Wakafanya kazi, mikono ikigusana chini ya maji machafu. Kila ilipogusana Jonelle alihesabu moja, mbili, tatu kabla ya kuondoa wake, na Lavelle hakuwa anaondoa kabisa. Jonelle alikuwa ameapa kutomsukuma. Lakini mapenzi hayana msimamo, akajisikia anasema:

"Lile sufuria limechakaa."

Lilikuwa sufuria la mama yake. Earline Chretien alipika ndani yake kila Ijumaa Kuu tangu Jonelle hajazaliwa. Herufi zake mbili zilikuwa zimekwaruzwa ubavuni kwa msumari, na Lavelle mwenyewe alikuwa amelibeba mara ngapi sijui.

Lavelle aliliangalia. Jonelle alishika pumzi.

"Kweli limechakaa," akasema. "Nitamnunulia Mzee jipya."

Jonelle akachukua kamba mfu, akamtupa mbali kuliko ilivyohitajika.

Mzee Alphonse Chretien, baba yake Jonelle, hakuwa mtu wa kukaribisha. Alikuwa ametengeneza matrekta maisha yake yote na alizungumza na watu kama anavyozungumza na injini: kidogo, na akiwa ameinamia. Alisubiri maji yachemke, akamwaga kamba, viazi na mahindi, akakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, akazima moto ili viungo viingie. Hakumwambia Lavelle neno mpaka sufuria lilipomwagwa na mvuke mwekundu ukafunika meza nzima.

"Kaa," alisema. "Kula kwanza. Mtu mwenye njaa huposa ovyo."

Walikuwa wanne tu mezani. Ndugu wengine walikuwa kanisani kwenye Njia ya Msalaba na wangekuja baadaye. Shangazi Ozite alikuwa ameipitia njia hiyo asubuhi, mapema, ili asikose hili.

Walikula. Lavelle alikula kama mtu wa pale, hapo hakuna aliyemlaumu. Alimsimulia Shangazi habari za mrushaji mpira mmoja aliyekuwa akitapika kabla ya kila mechi, Shangazi akacheka bila kutaka, akajipiga ishara ya msalaba. Rundo la kamba lilishuka. Jonelle alikuwa anakula polepole, halafu polepole zaidi, kisha akaacha kabisa, kana kwamba kamba asiyeliwa naye angempa Lavelle muda.

"Haya," alisema Mzee Alphonse, akafuta vidole kwenye gazeti. "Sema."

Lavelle alinyoosha mgongo. "Mzee, nampenda Jonelle. Nilimpenda tangu tukiwa shule, na hilo unalijua maana ulinifukuza uani hapa na bomba la maji."

"Ulikuwa umekanyaga maboga yangu."

"Nilikanyaga. Sasa nimeacha mpira, sina tena safari za kila wiki. Nimepata kazi nzuri. Nataka niende naye, awe mke wangu, kwa baraka yako."

"Ulishaipata baraka yangu mara moja," alisema Mzee. "Uliiweka wapi?"

"Pete ilirudishwa na binti yako, Mzee, si mimi."

"Na aliporudishiwa," Shangazi akadakia, "alisema 'sawa'. Nilikuwa jikoni hapo. Mwanamke anakuvulia pete analia, wewe unasema 'sawa, Jo, kama ndivyo unavyotaka', unaondoka unapiga mluzi."

"Shangazi, sikupiga mluzi."

"Ulipiga. Ulipofika garini."

Lavelle alimgeukia Jonelle, na machoni mwake mlikuwa na mshangao halisi, wa mtu anayesikia habari za mtu mwingine. Ulimwuma Jonelle kuliko mluzi wenyewe.

"Inawezekana," alisema Lavelle kwa upole. "Sikatai. Lakini Mzee, Shangazi, yaliyopita yameshapita. Mimi ni beki. Ningekuwa nashika kila lililonipita nisingefika popote. Ninachojua ni leo, na leo nipo hapa."

Mezani walikuwa wamebaki kamba wachache na viazi viwili. Jonelle aliangalia viazi vile, akahisi kiapo chake kinapasuka.

"Yapi?" alisema.

"Nini, mpenzi?"

"Yaliyopita. Umesema yamepita. Yataje. Moja tu."

Lavelle alifungua mdomo. Ungemwona, ungemhurumia: mwanamume mwenye mabega ya mlango, aliyekuwa anawasoma wapinzani kwa mguu wanaoutanguliza, amekaa mbele ya mwanamke mwenye pilipili mdomoni na hajui mpira umerushwa upande gani.

"Tuligombana," alisema. "Nilikuwa mbali sana."

"Kwa sababu gani tuligombana?"

Lavelle akaokota ganda tupu la kamba, akalirudisha mezani.

"Lavelle, mama yangu alikufa."

"Najua, Jo. Najua hilo, jamani. Mungu amrehemu Mama Earline."

Lakini jina hilo lilikuwa limesukumwa. Tena halikusukumwa, lilivutwa kwa kamba. Jonelle alihisi machozi yanapanda na akayakataa.

Hapo Mzee Alphonse akajiegemeza mbele.

"Kule kwenu," alimwuliza Lavelle, "mechi ikiisha Jumapili, Jumatatu mnafanya nini?"

Lavelle aliyakimbilia maneno hayo kama mtu aliyeona mlango. "Tunaangalia mkanda wa mechi, Mzee. Timu nzima, chumba cha giza, na kocha."

"Hata ya kufungwa?"

"Hiyo hasa. Anaisimamisha, anairudisha. Unaweza kuangalia kosa moja mara kumi mbele ya wenzako mpaka utamani ardhi ikumeze."

"Kumbe hamsahau."

"Uwanjani tunasahau. Jumatatu hatusahau."

"Basi leo ni Jumatatu," alisema Mzee. "Jumamosi ile. Mazishi. Tunatoka kanisani na jeneza. Wewe ni mmoja wa wabebaji. Umeshika upande gani?"

Shangazi Ozite aliacha kutafuna.

"Kulia," alisema Lavelle.

"Kushoto. Rudisha. Nani yuko mbele yako?"

Lavelle alipitisha kiganja usoni. "Mzee..."

"Nani yuko mbele yako?"

"Binamu yake Jo. Yule mrefu."

"Mimi," alisema Mzee Alphonse. "Padri alinikataza, akasema mfiwa habebi. Nikabeba. Tulipofika kwenye ngazi goti langu likaniacha. Ningeanguka na mke wangu mbele ya watu wote. Kuna mtu nyuma yangu alinishika kwa mkono mmoja chini ya kwapa, akaubeba uzito wangu na uzito wa jeneza kwa mkono mwingine, tukashuka ngazi zote hivyo, na hakuna aliyeona. Akaniambia sikioni, 'Nipo, Mzee, tembea tu.' Nani huyo?"

Lavelle alitikisa kichwa.

"Ni wewe, mwanangu."

Upande wa jirani mtu alikuwa anawasha jiko lake, na gesi ikashika kwa mshindo. Hakuna aliyegeuka.

"Sikumbuki," Lavelle alisema. Sauti ilikuwa imempungua.

"Naona hukumbuki. Mimi nilikuwa nakushikia hilo. Huyu dada yangu alipokutukana nilimwambia nyamaza, hukuona kilichotokea kwenye ngazi. Na nilidhani wewe nawe unalo. Kumbe umelitupa pamoja na takataka."

"Na Jumapili?" alisema Jonelle. Hakutambua sauti yake. "Jumapili unaikumbuka?"

"Jumapili nilicheza."

"Endelea."

"Nilinyakua mpira." Na hapo, bila kutaka, macho yake yakapata mwanga. "Mrushaji alishusha bega la kushoto kabla hajarusha. Mpokeaji alikuwa na plasta ya bluu kwenye kiganja. Nilijua unakuja pembeni, nikauwahi, nikakimbia mpaka mwisho. Mvua ilikuwa imeanza." Alisita. Alisikia mwenyewe alichokuwa anasema.

"Halafu ulicheza ngoma," alisema Jonelle. "Kwenye kona. Ulikata kiuno. Nyumba hii ilikuwa imejaa watu wa msiba, Lavelle. Tulikuwa tumewasha televisheni kwa sababu Mama alikuwa hakosi mechi yako hata moja, na tulisema tukuangalie kwa niaba yake. Sahani za msiba zilikuwa mapajani. Kila mtu akageuka akaniangalia mimi. Jioni ukanipigia simu. Unakumbuka neno la kwanza?"

"Hapana."

"'Uliona ile?'"

Lavelle alikaa. Aliangalia mikono yake iliyopakwa rangi nyekundu ya pilipili, akaiangalia kama imeletwa mezani pamoja na kamba.

"Nilisema hivyo?"

"Ulikuwa na furaha. Nikakwambia 'niliona', nikakata. Kesho yake ulinipigia kama kawaida. Nilingoja wiki. Nilingoja mpaka Krismasi uulize kwa nini nimenyamaza. Ndipo nikavua pete."

"Ungeniambia, Jo."

"Nilikwambia, baada ya pete. Mara mbili. Uliomba msamaha mara zote mbili, vizuri kabisa, na kesho yake nikakuta hata msamaha umeusahau."

Shangazi Ozite, ambaye kwa kawaida angekuwa na la kuongeza, aliinuka, akakusanya magazeti na maganda ya upande wake, akaenda nayo kwenye pipa. Mzee Alphonse akamfuata na mwiko wake. Walichukua muda mrefu sana kwenye lile pipa.

"Niulize sasa," alisema Jonelle.

"Nini?"

"Ulichokuja kuuliza. Niulize mimi."

Lavelle alimtazama. Uso wake ulikuwa umepoteza pasi yote. "Utakuja nami Jumatatu?"

Jonelle alimpenda. Hilo lieleweke, kwa sababu ingekuwa hampendi lingekuwa neno rahisi. Alimpenda kuanzia nywele za kwanza za mvi masikioni mpaka magoti yanayolia. Alimpenda kwa ule mkono chini ya kwapa la baba yake, ambao naye alikuwa anausikia leo kwa mara ya kwanza, na ambao ulilifanya jambo hili liwe gumu maradufu.

"Hapana," alisema.

Alingoja. Aliijua njia hii. Sasa angeguna, angepumua, angesema sawa, Jo, na tabasamu lingerudi taratibu, kwanza kona moja ya mdomo. Jonelle aliiangalia kona ile ya mdomo kama mtu anayengoja maji ya mafuriko.

Haikusogea.

"Ni kwa sababu ya ngoma?" Lavelle aliuliza.

"Ni kwa sababu nitazeeka na wewe. Tutazika watu. Baba yangu, Shangazi, labda na mtoto, Mungu apishe mbali. Na kila mara nitabeba peke yangu, wakati wewe uko nami palepale, umenishika, halafu kesho hukuwepo. Siwezi kuwa mtunza kumbukumbu wa watu wawili."

Lavelle aliitikia kwa kichwa. Akainuka, magoti yakalia, hakufanya mzaha. Jonelle alidhani anaelekea garini. Badala yake alikwenda kwenye sufuria, akalishika masikio yote mawili, akalibeba mpaka kwenye bomba nyuma ya banda na kuanza kulisugua. Wanawake wengine wangekwambia mwanamume aliyekataliwa akisugua sufuria ni dalili njema. Jonelle hakujua ni dalili ya nini. Alikaa mezani na viazi viwili, akisikiliza brashi. Ilikuwa inasugua, inasimama muda mrefu, inasugua tena.

Shangazi Ozite alirudi, akaketi karibu yake.

"Umemwambiaje?"

"Hapana."

"Na bado yupo?"

"Anaosha sufuria."

"Aliyekataliwa haoshi sufuria," alisema Shangazi. Lakini alisema taratibu, na akashika mkono wa Jonelle wenye pilipili, akaushikilia.

Ndugu walianza kufika kutoka kanisani, milango ya magari ikifungwa barabarani, mtu akicheka mbali. Lavelle alitokea nyuma ya banda. Shati lake lililopigwa pasi lilikuwa limelowa na lina masizi kifuani. Hakuwa amelia, au kama alilia maji ya bomba yalimsitiri. Alisimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama meza bado inamruhusu.

"Jo," alisema. "Nimekaa pale nikijaribu kufanya ninavyofanya siku zote. Nimerudi kwenye mstari. Haitoki."

"Nini haitoki?"

"Hiyo hapana yako. Na zile ngazi. Nazitafuta sizioni, na haziniachi." Alishika kifua, pale penye masizi. "Inauma. Huwa hivi kwa watu wote?"

Ingekuwa siku nyingine Jonelle angecheka. Alimwangalia mwanamume huyu mzima, ambaye amepigwa vikumbo na majitu miaka kumi na moja akainuka kila mara, akiuliza swali la mtoto aliyeungua kwa mara ya kwanza.

"Huwa hivi kwa watu wote," alisema.

"Mnafanyaje?"

Jonelle alisogea kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja, si zaidi. Lavelle akaja akakaa. Mabega yao hayakugusana. Aliwaona ndugu wakiingia uani, akawaona wakiwaona, na hakuinuka.

"Hatufanyi kitu," Jonelle alisema. "Tunakaa nayo. Kesho asubuhi njoo uniambie kama bado ipo."